Sauti Yangu Ndiyo Iliyomtoa Kaka Uwanjani

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nasoma sekondari, na ninaishi Mayfair hapa Johannesburg na mama yangu. Baba alifariki nikiwa mdogo, kabla hata hatujaizoea nchi hii. Mambo yangu huwa nayaandika kwenye shajara na kuyaacha humo humo, maana nina aibu sana... Darasani mwalimu akiniuliza swali ninalolijua, naona afadhali nionekane sijui. Lakini hili limenikaa kooni tangu ligi iishe. Nimeona niwaambie ninyi wasomaji wenzangu, huenda likamfaa mmoja wenu.

Nina kaka mmoja tu, Idi. Ana miaka ishirini. Naomba mshike huo umri, kwa sababu ndio uliotuponza.

Idi alikuwa mwaka wa pili chuoni, anasomea ufundi umeme. Mama anauza vitumbua na sambusa karibu na msikiti, na kwa biashara hiyo asingeweza kumlipia. Idi alisoma kwa miguu yake, kama Mama alivyopenda kusema. Chuo kilimpa ufadhili kwa ajili ya mpira, kwa sharti kwamba acheze msimu mzima. Asipocheza, ufadhili unakwisha na masomo yanakwisha. Wenzetu wakienda uwanjani wanashangilia kwa raha. Sisi tulishangilia kwa hofu. Idi akikwatuliwa, Mama alikuwa anashika goti lake mwenyewe.

Timu yao ilivaa kijani, kile kijani cha kuumiza macho. Wapinzani wakawaita Panzi ili kuwaudhi, nao wakalichukua jina wakalipenda. Mechi ya kwanza Panzi walikwenda Soweto wakafungwa tatu bila. Wenyeji wakawaimbia kwamba panzi ni wa kukaangwa na chumvi. Ya pili wakatoka sare, moja kwa moja, na bao lenyewe wapinzani walijifunga.

Hapo kocha akafanya mabadiliko. Idi alikuwa anacheza pembeni, akamleta katikati awe mshambuliaji. Aliyekuwa anacheza nafasi hiyo akapelekwa benchi. Huyo ndiye Serge.

Na Panzi wakaanza kuruka... Walishinda mbili bila. Wakashinda nne kwa moja, Idi akafunga matatu, la mwisho kwa kichwa, yeye ambaye nyumbani hafiki kabati la juu bila stuli. Wakashinda moja bila siku ya mvua ya mawe, mechi ikasimama, watu wakajificha chini ya meza za wauza vyakula, halafu wakarudi na Idi akafunga kwenye matope. Vijana wa Mayfair wakawa wanamwona kwenye robot, taa za barabarani, anasubiri kuvuka, wanampigia honi. Eish, hata yule Msomali wa duka la pembeni, ambaye hajawahi kumpunguzia mtu kitu, alimpa Mama sukari akasema ni ya mama wa mchezaji.

Sasa Serge. Ni Mkongo wa Lubumbashi, ana miaka kumi na minane, mama yake anasuka nywele Hillbrow. Pamoja na kwamba Idi alimchukulia nafasi, walikuwa marafiki, au ndivyo sote tulivyoamini. Jumapili alikuwa anakuja kula kwetu. Siku ya kwanza alinitazama ninavyoweka sahani bila kufungua mdomo, akamwuliza Idi, "Huyu dada yako, anasemaka siku gani?"

Toka hapo akaniita Mutulivu. Alianza kunitumia ujumbe. Aliniuliza nasoma kitabu gani, naogopa nini, kwa nini naangalia chini. Mjue, hatukuwa na jambo lolote baya. Sijawahi hata kumshika mkono. Lakini nilipokuwa naongea naye kwa simu, nikikwama katikati ya sentensi, yeye alikuwa ananisubiri. Hanimalizii. Hacheki. Ananyamaza tu mpaka nipate neno. Mtu mwenye aibu atanielewa... Nani mwingine aliwahi kunisubiri hivyo?

Nikampenda. Nasema bila kuficha.

Yupo mtu mwingine lazima nimtaje, la sivyo hamtaelewa. Anaitwa Mzee Mihayo, ni mlinzi kwenye jengo moja la ghorofa Hillbrow, na ni Mnyamwezi wa Tabora. Sisi ni Wazaramo. Wanaojua hapo wameshacheka. Kwa wasiojua: Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaruhusiwa kukutukana sebuleni kwako, mbele ya wageni wako, na wewe humfukuzi, unampakulia. Na sharti kubwa la utani ni kwamba hukatai. Ukikataa ina maana umekasirika, na ukikasirika umeshindwa. Mtani akikusingizia jambo unalikubali, halafu unaongezea.

Mzee Mihayo hakuwahi kubisha hodi kama watu. Alikuwa anaanzia mlangoni.

"Mzaramo, leo umepika, au ulikuwa unacheza ngoma sufuria likajipikia?"

Mama hata hageuki. "Tua mzigo kwanza, mpagazi, ndio uulize."

"Babu yangu alitembea na mzigo kutoka Tabora mpaka pwani. Alipofika alimkuta babu yako amelala."

"Alikuwa anausubiri mzigo wake. Na mlichelewa."

Tangu Baba afariki, huyo mzee ndiye alikuwa kicheko cha nyumba yetu. Wiki nzima Mama anakaa na mafuta ya moto na madeni ya moyoni, Jumapili Mihayo anakuja kumtukana, na uso wa Mama unarudi kuwa wa msichana.

Basi Jumapili moja, siku moja baada ya Panzi kuwafunga mbili kwa moja wale waliokuwa wanaongoza ligi, na kushika kilele wao, Mama alipika pilau. Tulikuwa mezani Mama, Idi, Serge, Mzee Mihayo na mimi. Zilikuwa zimebaki mechi tatu tu. Watu wa klabu kubwa walikuwa wameahidi kuja kutazama. Serge alitoa simu akaanza kurekodi, akasema anataka kumbukumbu ya ushindi. Hakujificha. Mzee Mihayo hata alikaza kofia yake ya ulinzi ili atoke vizuri.

"Mnamshangilia huyu?" akasema akimwonyesha Idi kwa kijiko. "Mimi huyu nilimkuta Mbagala ana ndevu mpaka kifuani. Nikamwamkia shikamoo. Ana wajukuu huyu. Wazaramo hamna haya, babu mzima mnampeleka akacheze mpira na watoto wa watu."

Idi akatafuna, akameza. "Na mjukuu wa kwanza nimemwita Mihayo. Alizaliwa na ngata ya mzigo kichwani."

Mama alicheka mpaka akafuta macho na upande wa khanga. Ndipo Serge akaigeuza simu upande wangu. "Na weye, Mutulivu? Ni kweli?"

Nilikuwa na sekunde chache za kuchagua. Ningeweza kutabasamu na kuangalia sahani kama siku zote. Lakini alikuwa ananisubiri, jinsi anavyojua kunisubiri... Na nikasema. Nilisema kwa sauti, bila kukwama hata kidogo:

"Kweli kabisa. Mjukuu wake mkubwa nasoma naye darasa moja."

Nyumba ilipasuka kwa kicheko. Mzee Mihayo alisimama, akazunguka meza, akanipa mkono. "Haya, Mzaramo kazaliwa leo," akasema. Nilikimbilia jikoni uso unawaka, na ulikuwa unawaka kwa furaha. Kwenye shajara niliandika maneno mawili tu: Leo nimesema.

Ningejua, ningeng'ata ulimi mpaka utoke damu.

Jumatano Idi alirudi mapema kutoka mazoezini, bado amevaa viatu vya mpira, anaburuza mkoba. Mama akamwuliza kama ameumia. Akasema hapana. Akakaa. Akasema kocha amemwambia asiende uwanjani mpaka aitwe.

Ile video ilikuwa imewekwa kwenye kundi la simu la wanafunzi wa chuo, na chini yake kumeandikwa Kiingereza, neno kwa neno. Kwamba ana wajukuu. Kwamba alikuwa na ndevu kifuani zamani. Na mwisho, dada yake wa damu anaulizwa kama ni kweli, anajibu kweli kabisa. Hakuna palipoandikwa kwamba ni utani. Kutoka kwenye kundi ilifika kwa wapinzani siku hiyo hiyo, nao wakapeleka malalamiko kwenye kamati ya ligi, maana ligi yao ina kikomo cha umri.

Sikuhitaji kuuliza nani aliitafsiri. Pale mezani kulikuwa na simu moja tu.

Hata hivyo nilimwandikia. Nilimwandikia Serge nikamwomba aseme ukweli, kwamba alikuwepo, kwamba anajua utani ni nini, kwani si yeye aliyecheka Jumapili zote hizo? Kesho yake likaja jibu lake, nalo nitalikumbuka mpaka nife.

"Miye sikudanganya. Nilitafsiri tu. Ni weye ulisema kweli kabisa."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtu anaweza kukuua bila kusema uongo hata mmoja.

Tuliitwa mbele ya kamati, watu watatu nyuma ya meza ndefu. Idi alipeleka pasipoti na cheti cha kuzaliwa. Lakini cheti kile kilikatwa Idi akiwa na miaka tisa, siku tulipotaka kusafiri kuja huku. Kwetu wengi ndivyo ilivyo, mtu anakatiwa cheti siku kinapohitajika. Wao wakatazama tarehe, wakatazamana.

Kiingereza cha Mama ni cha kuuzia sambusa tu. Idi alikuwa na hasira nyingi, angewafokea. Kwa hiyo aliyetakiwa kueleza utani kwa Kiingereza, mbele ya watu wazima watatu, alikuwa ni mimi. Mimi ambaye nashindwa kumwambia dereva wa taksi, hizi daladala za huku, kwamba nimefika.

Walinisikilizisha sauti yangu kwenye ile video. Wakaniuliza kama ni yangu. Nikakubali. Nikajaribu kueleza kwamba kwetu yupo mtu mwenye haki ya kukusingizia, na adabu ni kumkubalia. Mwenyekiti alikuwa mama mpole, hakunifokea. Aliniuliza tu, "Kwa hiyo siku ile ulidanganya?"

Nikasema ndiyo.

"Na sisi tutajuaje kama leo hudanganyi?"

Nilifungua mdomo... Wasomaji wangu, neno halikuja. Nilisimama pale, nasikia saa ya ukutani, nasikia Mama anavuta pumzi, na hakuna neno lililokuja. Wale hawakuwa watu wa kunisubiri. Waliandika kitu wakasema asante.

Mzee Mihayo alikuwa ameomba ruhusa kazini akaja na sare yake imepigwa pasi. Wakamwuliza kama yale maneno aliyasema. Akasema aliyasema. Kama ni kweli? Akasema si kweli hata chembe, alimfahamu Idi akiwa mtoto mdogo hapa hapa Johannesburg, na Mbagala yeye hajawahi kukanyaga. Kwa nini sasa aliyasema? Akavua kofia. Nikamtafsiria: "Kwa sababu nawapenda."

Mmoja wa wale watatu alitabasamu, na lile tabasamu sikulipenda.

Uamuzi ukatoka. Idi asicheze mpaka uthibitisho utoke nyumbani. Na pointi za mechi alizofunga zishikiliwe hadi hapo. Kutoka kileleni Panzi wakashuka mpaka nafasi ya tano. Mjomba wetu Temeke akaanza kuzunguka hospitali na maofisi kutafuta kumbukumbu za kuzaliwa kwake. Anaambiwa njoo kesho, njoo wiki ijayo, faili lipo ghala jingine.

Panzi walitoka sare mechi iliyofuata, kisha wakashinda moja bila kwa bahati. Ikabaki ya mwisho. Wakishinda, bado wangepenya kwenye nusu fainali ya timu nne za juu, na huenda kufikia hapo Idi angekuwa amesafishwa. Idi akasema anakwenda kuwatazama. Nilimfuata. Ilikuwa asubuhi ya baridi, nyasi zimekauka rangi ya mkate, tukasimama nje ya waya kwa sababu yeye hakuruhusiwa kukaa na wenzake.

Nafasi yake alicheza Serge, na jezi yake namba tisa alivaa Serge.

Aliikosa nafasi ya kwanza ya kufunga akiwa peke yake na kipa. Ya pili aligongesha mwamba. Wapinzani wakafunga kwa kona, na kipindi cha pili Serge alianza kuukwepa mpira, kila mtu aliona. Kijana mmoja karibu yetu akasema kwa sauti, "Yule mzee wa wajukuu angefunga hizo zote." Wenzake wakacheka. Idi hakugeuka. Mpira ukaisha, moja bila, na msimu wa Panzi ukaishia pale.

Serge alikaa chini katikati ya uwanja akafunika uso. Na kaka yangu... kaka yangu alipiga makofi. Nje ya waya, taratibu, aliwapigia wote, na Serge pia. Nilimwuliza kwa hasira anampigia nini yule. Akasema, "Jezi ile ni yangu, bwana. Siwezi kuizomea."

Uthibitisho ulifika ligi ikiwa imeshaisha. Ulikuwa na mhuri, jina la wodi, jina la mkunga, kila kitu. Kamati ikaandika kwamba Idi hana kosa, na pointi zikarudishwa, ambazo sasa hazikuwa na kazi yoyote. Chuo nacho kikasema kinasikitika, lakini ufadhili ni wa mchezaji aliyecheza msimu mzima, na nafasi imeshapewa mwingine. Idi aliisoma karatasi ile mara mbili akamwambia Mama, "Basi sasa nina miaka ishirini rasmi." Mama alitoka nje.

Siku hizi Idi yuko Soweto, anauza kwenye spaza ya mtu, kiduka cha mtaani. Anakaa nyuma ya nondo, anapitisha mkate na muda wa maongezi kwenye kidirisha. Watoto wanacheza mpira barabarani mbele ya duka. Mpira ukiingia chini ya kaunta, anaurudisha kwa mguu bila kuinuka kitini. Naambiwa wanaupiga pale makusudi.

Serge alinitumia ujumbe tena. Nilifuta bila kufungua. Sijui aliandika nini, na kuna siku natamani kujua. Nasema kweli yote.

Lakini sikuwaambia lililoniumiza kuliko yote.

Baada ya kamati, Mzee Mihayo hakuja kwetu Jumapili nyingi. Mama akituma mtu, anajibiwa kwamba yuko zamu. Halafu juzi juzi akaja. Alibisha hodi. Tuliposikia hodi tulidhani ni mgeni. Akaingia, akavua kofia, akasema, "Habari za hapa, dada. Hamjambo?"

Dada. Hajawahi kumwita Mama hivyo.

Mama akampakulia. Akajaribu, maskini, akamwambia, "Tua mzigo, mpagazi." Yeye akajibu, "Asante, dada," akakaa kwenye ncha ya kiti, akala, akasifu chakula. Kila tonge alilomshukuria Mama lilikuwa kama pole ya msiba. Mnaojua utani mnaelewa... Mtani wako akikuheshimu, ujue kuna kitu kimekufa.

Nikaona siwezi. Nikavuta pumzi, mimi huyu mwenye aibu, nikasema, "Mzee Mihayo, leo umekuja mikono mitupu. Mzigo umeuangusha Morogoro?"

Alinyanyua macho. Nikaona kona ya mdomo wake inataka kucheza. Kisha macho yakashuka mezani, kwenye simu yangu iliyokuwa imelala kando ya bakuli. Nikaichukua haraka nikaipeleka chumbani, nikaitupa kitandani, nikarudi mbio. Alikuwa ameshasimama. Akaniwekea mkono kichwani.

"Haya, mwanangu," akasema. "Mmenishibisha."

Akaondoka. Mama aliosha sahani ile moja kwa muda mrefu sana.

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Kicheko cha nyumbani kwenu ni cha wanaojua kimetoka wapi. Msikiruhusu kitoke mlangoni kwenye simu ya mtu, hata awe amekula kwenu mara ngapi, kwa sababu kikifika kwa wasiokijua kinageuka ushahidi. Na ninyi wasichana wenye aibu kama mimi, nisikilizeni. Si kila anayekusubiri umalize sentensi anakusikiliza. Wengine wanasubiri neno moja tu, na wakilipata wanaondoka nalo.

Lakini msinyamaze kwa sababu yangu. Mimi nilinyamaza mbele ya kamati, na kimya kile kilimwumiza kaka yangu sawa na yale maneno niliyosema mezani.

Mzee Mihayo amemwambia Mama kwamba Jumapili hii hayuko zamu. Simu zote tutaziweka chumbani kabla hajafika. Akibisha hodi nitafungua mimi, na kabla hajasema dada, nitamwuliza tena mzigo wake uko wapi.